Kampuni ya kupiga mbizi Karibiani: tafuta inayojua kukataa

Ukitaka kuijua kampuni ya kupiga mbizi kabla hujailipa hata senti, iandikie ujumbe na uieleze hali yako bila kuipamba: una cheti cha Open Water, yaani cha ngazi ya kwanza, mara ya mwisho kuingia majini ni miaka miwili iliyopita, na siku ya kwanza ya likizo ungependa kupelekwa Devil's Throat, Cozumel. Kampuni inayofaa itakukatalia. Itakuambia kwamba upenyo ule ndani ya mwamba unatokea kwenye kina cha karibu mita 40, kwamba cheti chako kinaishia mita 18, na kwamba siku ya kwanza utapelekwa mahali pa kina kifupi penye mchanga ili kiongozi akuone unavyoelea. Kampuni isiyofaa itajibu baada ya dakika tano kwamba hakuna tatizo, kisha itaomba namba ya kadi yako.

Kipimo hiki nakiamini kuliko nyota za mtandaoni. Maji ya Karibiani yana joto la nyuzi 26 hadi 29 sehemu kubwa ya mwaka, ni maangavu, na upande wa magharibi wa visiwa vingi bahari hutulia. Mtu hulegea. Kampuni nazo ni nyingi, zinagombea mteja wa wiki moja ambaye pengine hatarudi tena. Anayekataa pesa katika biashara ya namna hiyo amekwisha amua kwamba usalama una bei, na uamuzi huo utauona pia kwenye mitungi yake, boti yake na watu wake.

Nawaandikia hasa waliojifunzia Mnemba, Mafia, Watamu au Diani, na ndugu walioko Marekani, Kanada na Ulaya ambao Karibiani iko karibu nao kuliko kurudi nyumbani.

Kisiwa kinakuamulia nusu ya mambo

Kampuni nzuri ya Bonaire haifanyi kazi sawa na kampuni nzuri ya Cozumel, kwa hiyo maswali ya kuuliza yanategemea unakokwenda.

Cozumel ni mikondo. Miamba yake imekuwa hifadhi ya taifa ya Mexico tangu 1996, na ndani ya hifadhi hupigi mbizi bila kiongozi. Boti haitii nanga: inawashusha, mkondo unawabeba sambamba na ukuta, na nahodha anawafuata kwa kuangalia mapovu na boya. Hapo uzoefu wa nahodha ni nusu ya usalama wenu. Uliza kama kiongozi hubeba boya la kujaza hewa na hulirusha juu kila mara kabla ya kupanda, na kama wewe nawe utapewa lako. Mkitenganishwa na mkondo, boya la kiongozi halikusaidii kitu.

Bonaire ni kinyume chake. Watu hukodi pikapu, hupakia mitungi nyuma, na kuingia majini kutoka ufukweni mahali palipowekwa jiwe la njano lenye jina la eneo. Kampuni huko ni stoo ya mitungi, kompresa (mashine ya kujaza hewa mitungini) na chumba cha vifaa. Majini mko wenyewe, wewe na mwenzako. Hifadhi ya bahari ya Bonaire ilianzishwa 1979 na kanuni zake ziko wazi: kila mgeni analipa ada, anapewa maelekezo na kufanya mbizi ya majaribio kabla ya kuanza kujizungukia, glavu haziruhusiwi, na kutia nanga kwenye miamba ni marufuku. Kampuni ikikupa mitungi na ufunguo wa gari bila kukupitisha kwenye mbizi ya majaribio, imekiuka kanuni mbele ya macho yako, tena siku ya kwanza. Pesa, simu na pasipoti usiviache garini hata kama umelifunga. Wenyeji watakushauri uache madirisha wazi, ili anayechungulia aone hakuna cha kuiba na asikuvunjie kioo.

Little Cayman ina Bloody Bay Wall, ukuta unaoanza mita chache tu chini ya uso wa maji kisha unaporomoka mamia ya mita. Hakuna sakafu ya kukuzuia. Asiyejua kudhibiti kuelea kwake hushuka mita 35 akidhani yuko 20, kwa sababu maji ni maangavu na hakuna cha kupimia kwa jicho. Uliza kampuni ya huko inawapima vipi wageni kabla ya kuwapeleka ukutani.

Roatán, Honduras, ina faida moja kubwa: pale West End kampuni zimepangana kwa umbali wa kutembea kwa miguu, na sehemu nyingi za mbizi ziko dakika chache kwa boti. Usilipe lolote mapema. Fika, zunguka asubuhi moja, tazama kompresa na boti kwa macho yako, ndipo uchague.

Kwa ndugu wa Kongo, Burundi na Rwanda mnaojua Kifaransa, Guadeloupe na Martinique ni sehemu ya Ufaransa na zinafuata sheria za Ufaransa za kupiga mbizi. Kundi la matembezi kule huwa na watu wanne tu kwa kiongozi, oksijeni ni lazima, na ngazi zinaitwa kwa mfumo wao, kwa mfano PE20 kwa anayeongozwa hadi mita 20. Usikasirike ukiambiwa cheti chako kitatazamwa upya majini kwanza. Visiwa vidogo vya Pigeon mbele ya Bouillante, Guadeloupe, ni mahali pazuri pa kurudia masomo kwa utaratibu huo.

Msimu nao uupime. Vimbunga vya Atlantiki huhesabiwa kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na vikali zaidi huja kati ya Agosti na Oktoba. Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini na hupigwa kwa nadra. Kusini pekee si kinga, kwani Julai 2024 kimbunga Beryl kilikivunjavunja kisiwa cha Carriacou, Grenada. Jamaica ilipigwa na Melissa Oktoba 2025. Ukienda mahali palipopigwa karibuni, usiulize tu kama hoteli imefunguliwa. Uliza kama maboya ya kufungia boti yamerudishwa na kama hospitali inafanya kazi kikamilifu. Na wakati wa baridi ya Marekani upepo wa kaskazini huifikia Cozumel. Mkuu wa bandari akifunga bandari, hakuna boti ndogo inayotoka. Hapo swali ni moja: pesa zinarudi, au unapewa siku nyingine? Jibu lipate kwa maandishi.

Kundi, na hesabu ya hewa

Watu huuliza bei, halafu huuliza boti ni kubwa kiasi gani. Swali la maana zaidi ni watu wangapi wanamfuata kiongozi mmoja majini. Sita ni sawa. Wanane kwenye maji maangavu yasiyo na mkondo, na wote wakiwa wazoefu, inavumilika. Zaidi ya hapo kiongozi anaongoza msafara tu, hamwoni tena mtu mmoja mmoja. Kwa wanaojaribu mara ya kwanza bila cheti, mipaka ya PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, baharini ni watu wanne kwa mwalimu mmoja na kina kisichozidi mita 12. Mimi ningependa wawili.

Uliza pia kundi linachanganywaje, na sababu ni hesabu rahisi. Mtungi wa kawaida wa Karibiani ni wa alumini, lita 11.1, unaojazwa bari (kipimo cha shinikizo) 200 hivi: hewa lita 2,220. Mgeni mwenye wasiwasi huvuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 20 shinikizo ni bari 3, kwa hiyo anatumia lita 60 kwa dakika. Toa akiba ya bari 50, zinabaki lita 1,665, ambazo ni dakika 28 tu. Mzoefu anayevuta lita 12 kwa dakika atakaa dakika 46 mahali pale pale. Wakiwekwa kundi moja, ama mzoefu anakatishwa, ama mgeni anaona aibu kuonyesha geji yake na anachelewa kusema. Hilo la pili ndilo linaloua.

Basi uliza: mtu wa kwanza akifika bari 70, nini hutokea? Majibu yanayokubalika ni mawili. Ama kundi zima linapanda, ama anapanda na mwenzake chini ya boya, wanasimama mita 5 kwa dakika 3, na boti inawaona. Kumtuma mtu peke yake juu kwenye bahari yenye mkondo hakukubaliki. Kampuni nyingine humkodishia anayetumia hewa nyingi mtungi wa lita 15. Ni dola chache za ziada zinazolipa, lakini mwambie nahodha mapema, maana mitungi hiyo huwa michache.

Jambo moja linalowachanganya waliojifunzia kwetu: sehemu kubwa ya Karibiani hutumia vipimo vya Kimarekani. Geji itasoma shinikizo kwa psi badala ya bari, na kiongozi atasema futi. Shika haya: psi 3,000 ni karibu bari 207, psi 1,000 ni bari 69, psi 500 ni bari 34, futi 60 ni mita 18, futi 100 ni mita 30. Risasi za mkandani, yaani uzito wa kukuzamisha, hupimwa kwa ratili, na kilo moja ni ratili 2.2. Ukisema unataka "nne" bila kutaja kilo, utapewa ratili nne, yaani chini ya kilo mbili, na hutaweza kuzama. Kubaliana na mwenzako na kiongozi, kabla ya kuruka, mtaonyeshana vidole kwa psi au kwa bari.

Hewa iliyomo mtungini

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo wengi hawatazami kabisa.

Kompresa hunyonya hewa ya mahali ilipo. Bomba lake la kunyonyea likiwa karibu na eksozi ya jenereta, lori au boti iliyoachwa ikinguruma gatini, gesi ya kaboni monoksidi inaingia mtungini. Kompresa ya umeme nayo si salama moja kwa moja: ikichemka kupita kiasi, mafuta yake ya kulainishia huungua na kutoa gesi hiyo hiyo. Haina harufu wala rangi. Hewa ikinuka mafuta au moshi, ikatae. Lakini isiponuka hujathibitisha chochote.

Kiwango kinachotumiwa na wengi upande wa Marekani kinaruhusu sehemu 10 za gesi hii katika milioni. Kile cha Ulaya, sehemu 5. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kina. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne, kwa hiyo sehemu 10 zinautendea mwili kama sehemu 40 ukiwa juu. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu, na kila mtu botini atasema ni mawimbi. Watu wawili wa kundi moja wakipanda na kichwa kinachouma kwa namna moja, simamisheni mbizi ya pili, tengeni mitungi hiyo, na wapewe oksijeni.

Nenda ukaione kompresa. Huhitaji kuwa fundi. Tazama bomba la kunyonyea hewa limepelekwa wapi. Linatakiwa liwe juu, upande unaotoka upepo, mbali na injini yoyote. Uliza daftari la saa za kazi na siku ya kubadilisha filta. Uliza cheti cha karibuni cha kupima hewa. Wanaojali hupima kila miezi mitatu na huning'iniza karatasi ukutani. Uliza kama wana kipimo cha kaboni monoksidi cha kudumu kwenye bomba la kujazia. Kampuni iliyonacho hujivunia na itakuonyesha kabla hujamaliza swali. Visiwa vingine kampuni ndogo hununua mitungi iliyojazwa kwa mwingine; si kosa, ila wajue inajazwa na nani na wawe na cheti chake.

Mtungi wenyewe uangalie mabegani. Tarehe iliyogongwa kwenye chuma ni ya jaribio la shinikizo la maji, ambalo kwa mfumo wa Kimarekani hufanywa kila miaka mitano. Stika ya ukaguzi wa ndani ni ya kila mwaka. Mtungi wenye stika ya miaka mitatu iliyopita unakueleza jinsi wanavyotunza hata yale usiyoyaona.

Ukitumia nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, pima mwenyewe. Kifaa kinawekwa kwanza kwenye hewa ya kawaida kisome asilimia 20.9, kisha mtungi wako. Asilimia 32 inakupa kina cha juu kabisa cha mita 33 kwa kiwango cha shinikizo la oksijeni la bari 1.4, asilimia 36, mita 28. Unaandika asilimia, kina na jina lako kwenye mtungi, na unatia sahihi kitabuni. Anayekuambia "tumeshapima sisi" mwachie mtungi wake.

Boti siku mambo yakiharibika

Oksijeni kila kampuni itasema inayo. Uliza lita ngapi. Mtu aliyepata ugonjwa wa mapovu ya naitrojeni anahitaji oksijeni safi kwa maski yenye mfuko, lita 15 kwa dakika. Chupa ndogo ya kawaida, yenye lita 425 hivi, inaisha kwa dakika 28. Ya lita 680 inaisha kwa dakika 45. Kama miamba ya mbali iko saa nzima kutoka bandarini, chupa moja ndogo haifiki hata gatini, na wagonjwa huenda wakawa wawili. Omba uione: geji inasoma kujaa? Maski iko ndani ya sanduku? Ufunguo wa kufungulia chupa umefungwa papo hapo, au nahodha anaanza kuutafuta? Nimesisitiza ufunguo kwa sababu ni kitu kidogo kinachopotea, na bila huo chupa iliyojaa haina faida.

Uliza chemba ya shinikizo, chumba cha kumtibia mgonjwa wa mapovu hayo, iko wapi na kama inafanya kazi sasa hivi, usiku na mchana. Cozumel, Roatán, Grand Cayman na Bonaire zina matibabu ya chemba kisiwani, lakini chemba hufungwa kwa matengenezo au kwa kukosa wahudumu, na kampuni inayofuatilia itajua hali ya wiki hii. Visiwa vidogo vingi havina kabisa. Huko uliza ndege ya kumwondoa mgonjwa inaitwa na nani.

Nahodha abaki botini muda wote watu wakiwa chini. Jambo hili linaonekana la wazi, lakini boti ndogo za mtu mmoja anayefunga kamba kwenye boya kisha anashuka na wateja zipo. Mtu akipanda kwa dharura, boti tupu haiwezi kumfuata.

Kisha kuhesabu watu. Mwaka 1998 boti moja ya Australia iliwaacha mume na mke kwenye Great Barrier Reef, na hakuna aliyegundua mpaka siku mbili baadaye. Hawakupatikana. Tangu hapo hakuna kisingizio. Kuhesabu vichwa kwa macho hakutoshi, kwa sababu watu wanazunguka, wanakwenda chooni, wanaruka kuogelea kati ya mbizi mbili. Kinachotakiwa ni kuita majina kutoka kwenye orodha, kila mtu aitike kwa sauti yake, na injini isiingizwe gia kabla orodha haijaisha. Na hili lifanyike tena baada ya mapumziko.

Mengine ni ya haraka: redio ya VHF inayofanya kazi, jaketi za kuokolea za kutosha, ngazi imara inayofika chini ya maji, kivuli, maji ya kunywa. Anayezoea boti za mpira za kwetu, ambapo unajiangusha kinyumenyume, atakuta boti kubwa ambazo unapiga hatua ndefu kutoka nyuma. Omba uonyeshwe, usijifanye unajua.

Vifaa vya kukodi

Vijaribu siku moja kabla, dukani, si botini mawimbi yakiwa yanakurusha. Anza na regyuleta, kifaa cha kuvutia hewa kwa mdomo, kabla haijafungwa mtungini: ziba tundu la kuingizia hewa kwa kifuniko chake, vuta pumzi. Haitakiwi kutoa hewa. Ikitoa, kuna mpira uliotoboka na chini utameza maji. Funga mtungini, fungua vali mpaka mwisho, kisha vuta pumzi kubwa tano ukitazama geji. Sindano ikicheza kila unapovuta, vali haijafunguka sawasawa. Ajali hii ina chanzo chake: mfanyakazi anayepita kukagua anazungusha upande usio sahihi, anafunga badala ya kufungua, kisha anarudisha robo mzunguko. Juu unavuta vizuri. Kwenye mita 25, unapohitaji hewa mara tatu na nusu, haiji.

Jaketi la kuelea lijaze mpaka ligande, liache dakika kumi. Likilegea, linavuja. Bonyeza kitufe cha kujazia na ukiachie mara kadhaa. Kikiendelea kujaza baada ya kukiachia, likatae papo hapo. Chumvi na mchanga hukigandisha, na matokeo yake ni kurushwa juu bila kusimama, jambo linaloweza kupasua pafu. Kunja mipira ya hewa karibu na chuma uone kama ina nyufa. Tazama mdomo wa regyuleta kama umefungwa kwa kamba yake ya plastiki. Oringi ya mtungini, mpira wa duara unaozuia hewa isivuje, ikiwa imepasuka au imebapa, omba nyingine. Kampuni inayojua kazi ina mfuko wa oringi botini. Mitungi mingi ya Karibiani ni ya kufunga kwa kibano, kwa hiyo mwenye regyuleta ya DIN, ya kufunga kwa kuskrubu, abebe adapta yake.

Kompyuta ya mbizi, kifaa kinachofuatilia kina na muda wako, kila mtu awe na yake. Kiongozi anayesema "fuateni yangu" hajui wewe ulikuwa kina gani jana.

Risasi: mtungi wa alumini unapoteza karibu kilo 2.7 za hewa ukitumika, na mwisho wa mbizi unataka kuelea. Kwa hiyo pima uzito wako mtungi ukiwa na bari 50, kwenye mita 5, jaketi tupu. Kiongozi anayekuongezea risasi tu ili uzame haraka amekupa tatizo la mbizi nzima.

Pesa, meli na makaratasi

Mbizi mbili za boti katika visiwa vingi huanzia karibu dola 100 na kupanda. Bei ya tangazo ukiilinganisha bila viambata utadanganyika: ongeza vifaa, ada ya hifadhi, kodi, nitroksi, usafiri kutoka hotelini, na bakshishi, ambayo desturi ya huko ni dola 5 hadi 10 kwa kila mtungi. Mara nyingi kampuni iliyoonekana ghali inakuwa sawa na ya rahisi.

Anayefika kwa meli ya kitalii ana shida ya saa. Cozumel haibadilishi saa yake kiangazi, wakati meli nyingi hufuata saa ya Miami, na tofauti inaweza kuwa saa nzima. Mwandikie mwenye kampuni saa ya meli na saa ya kisiwa, zote mbili. Safari zinazouzwa na meli zina faida ya kusubiriwa, lakini makundi yake huwa makubwa na sehemu za mbizi huwa rahisi. Mwenye uzoefu akichagua kampuni ya nje, arudi gatini angalau saa mbili kabla.

Fomu ya afya inayotumika tangu 2020 ina maswali kumi ukurasa wa kwanza. Pumu, moyo, masikio, sukari, umri wa zaidi ya miaka 45 pamoja na presha au sigara: jibu la ndiyo likikupeleka kwa daktari, hutaingia majini bila sahihi yake. Ipakue, ijaze nyumbani, pata sahihi kabla ya safari. Wengi hukwama gatini asubuhi, kisha huambiwa na jirani wabadilishe jibu. Usibadilishe. Kampuni inayokushauri ubadilishe imejitambulisha.

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi ina mpaka wa kina au inadai uwe na kiongozi mwenye cheti. Soma kifungu hicho. DAN, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1980, hutoa bima ya wapiga mbizi na lina simu ya dharura ya saa 24.

Wanavyouheshimu mwamba

Namna kampuni inavyoutendea mwamba huonyesha nidhamu yake yote. Boti ifungwe kwenye boya, isitie nanga kwenye matumbawe. Maelezo ya kabla ya mbizi yaseme wazi kwamba hakuna kugusa wala kulisha samaki. Ugonjwa unaoua matumbawe magumu, ulioonekana kwanza Florida mwaka 2014, ulifika Bonaire 2023. Kampuni makini ina beseni la dawa la kusafishia vifaa, na itakuuliza ulipiga mbizi wapi kabla ya kuja.

Utamkuta pia samaki simba, yule mwenye mistari na miiba ya sumu, ambaye kwetu Unguja na Watamu ni mwenyeji. Karibiani ni mvamizi anayemaliza samaki wadogo, na wenyeji wanamwinda kwa haki kabisa. Kasoro ni pale kiongozi anapomchoma kisha kumlisha papa au chewa mbele ya wateja. Samaki hao hujifunza kwamba mtu majini ni chakula kinachokuja, na kesho wanamfuata mpiga mbizi asiye na mkuki. Kampuni inayotangaza picha za namna hiyo iache kando.

Siku ya kuondoka ipange tangu unapoweka nafasi. Baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima wakati wa kupanda, subiri angalau saa 12 kabla ya ndege. Baada ya siku kadhaa za mbizi, angalau saa 18, na ukitumia saa 24 hutajutia. Ndege ikiwa saa nne asubuhi ya Jumamosi, mbizi ya mwisho iwe Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi, na ya usiku usiikubali hata ikiwa ya bure. Alasiri ya Ijumaa suuza vifaa vyako kwa maji yasiyo na chumvi na uvianike kivulini, vikauke kabla ya kufungasha.